Mbwa wa Binti Aliyeondoka

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mlioacha wazazi nyumbani, kaeni kidogo mnisikilize. Habari hii ni ya mwoka mikate mmoja, mtu mtaratibu, asiye na ugomvi na jirani wala na kuku wa jirani.

Kila siku saa moja asubuhi, wengine wakienda kazini, yeye ndiyo kwanza anarudi. Ananawa unga mikononi hadi viwikoni, anaweka mkate wa moto mezani, anakata vipande viwili. Kimoja anakula. Cha pili anakitazama. Kisha anavuta pazia na kulala hadi saa tisa alasiri. Nyumba kimya, imefagiliwa, kila kitu mahali pake. Ukipita nje ungesema hapa pana amani.

Amani gani? Kipande cha pili kilikuwa cha binti yake, na binti alikuwa nchi ya mbali akifanya kazi ya uuguzi, mwaka wa nne sasa. Walimwita Kishada, kama kile cha karatasi kinachorushwa na upepo, maana tangu udogo hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Alipokuwa na miaka tisa alimganda baba yake kama kupe: "Baba, nataka mbwa. Nitamwita Radi. Tutakimbia wote." Baba alijibu kila mara, "Mwaka ujao." Mwaka ujao ukaja ukapita, na mwingine, mtoto akaacha kuomba. Watoto hawasahau, wenzangu. Wanachoka tu.

Basi simu za binti zikaanza kuwa fupi. Habari za kazi? Njema. Umekula? Nimekula. Haya baba, kwaheri. Mwoka mikate akawaza, na wazo likaumuka kama donge lililotiwa hamira nyingi: nikimpata yule mbwa, mwanangu atakuja kumwona.

Akaenda mahali wanapotunzwa mbwa na paka waliotupwa na wenyewe. Mtunzaji alikuwa mama mfupi mwenye daftari kwapani.

"Unataka mnyama wa namna gani, baba?"

"Mbwa. Kijana, mwenye mbio."

"Mwenye mbio anataka mtu mwenye mbio. Mchana nyumbani yuko nani?"

Hapo ndipo alipojikwaa. Hakuwa mwongo huyu mtu, lakini alijibu, "Yuko binti yangu. Kila asubuhi anakimbia hadi mwisho wa barabara ya kiwandani na kurudi." Wala hakuhisi kama anadanganya. Alikuwa anaieleza nyumba yake, ila ile ya zamani.

Mtunzaji akaandika, akafungua banda. Akatoka mbwa wa kahawia mwenye miguu mirefu, mkia unampiga mbavu kwa furaha.

Mwoka mikate akamtumia binti picha, chini yake ameandika, "Radi." Siku hiyohiyo binti akapiga mwenyewe. "Baba, kweli ni Radi? Mwisho wa mwaka naomba likizo. Nikipewa, nakuja kumwona." Baba mtu alikanda unga akiimba, mpaka wenzake kazini wakamwuliza kama anaoa.

Furaha ya siku mbili. Radi alikuwa anaamka wakati bwana wake anapolala. Anakimbia kutoka dirishani hadi mlangoni, anaparua, anabweka. "Nyamaza mwanangu, baba amechoka," mwoka mikate anamwambia akiwa chini ya shuka. Mbwa atajuaje zamu ya mkate? Wiki ikapita mtu hajalala, akaunguza trei mbili za mikate, msimamizi akamtazama vibaya. Ndipo alipochukua kamba fupi akamfunga Radi uani, kwenye nguzo ya bomba.

Wiki ya kwanza mbwa alibweka. Ya pili alilia. Ya tatu akanyamaza kabisa.

"Umeona?" mwoka mikate alimwambia jirani yake, mwanamke fundi viatu. "Ameshapata adabu."

Fundi viatu alikuwa anashona soli, hakuiachia sindano. "Huyo hajapata adabu, kaka. Amekata tamaa. Hebu mpapase shingo."

"Nitampapasa jioni."

"Jioni unakwenda kwenye tanuri lako. Wewe na huyo mbwa mnapishana kama jua na mwezi."

Hakumpapasa. Na si kwamba alikosa huruma, aliogopa. Akiona kidonda itabidi amrudishe, na akimrudisha, mwanawe atakuja kumwona nani?

Sasa yule mtunzaji alikuwa na kawaida ya kuwatembelea wanyama wake baada ya mwezi. Alibisha saa nne asubuhi, akapelekwa uani. Akachutama, akafunua manyoya ya shingoni. Kamba ilikuwa imeingia nyamani. Akasema bila kupandisha sauti, "Niitie binti."

Mwoka mikate akaenda, akafungua mlango wa chumba. Kitanda kimetandikwa, mto umenyooshwa. Akasimama pale kama mtu anayesubiri kuitikiwa, halafu akarudi.

"Ametoka," akasema.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu miaka minne."

Mtunzaji akatoa kisu, akaikata kamba. "Sikukuuliza kwa upelelezi, baba. Nilitaka kujua mnyama wangu atakaa na nani. Ukanipa mtu asiyekuwepo, nami nikampa mbwa."

"Usimchukue, mama. Nakuomba. Mwanangu anakuja kumwona."

"Anakuja kumwona mbwa au kukuona wewe?"

Mwoka mikate akaiokota kamba iliyokatwa, akaanza kuikunja.

"Kuna mchunga mbuzi amefiwa na mbwa wake," mtunzaji akasema. "Kule huyu atakimbia kutwa nzima. Na wewe, ninaye paka mzee, kazi yake kulala mchana. Lakini leo sikupi. Kwanza ukae na nyumba yako kama ilivyo."

Radi akatoka akichechemea. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Alasiri hiyo simu ikalia. "Baba, Radi hajambo?"

"Radi hayupo. Nilimfunga, kamba ikamla shingo. Wamemchukua."

"Baba. Wewe mtu wa kulala mchana. Mbwa kama yule ulimchukua wa nini?"

"Ulimtaka."

"Nilimtaka nikiwa na miaka tisa."

Mwoka mikate akaona kwamba binti akikata sasa, kurudi kupiga itakuwa majaliwa. Akasema neno ambalo kwa miaka minne hakuwahi kulitoa.

"Nimekukumbuka, mwanangu. Sikujua nianzie wapi kukwambia, nikamtanguliza mbwa."

"Sema tena, baba."

"Nimekukumbuka."

"Likizo wameninyima," binti akasema, sauti imelowa. "Mwaka huu siji. Lakini usikate. Niambie tu chochote, umepika nini, jirani kasema nini."

Akamweleza. Akaeleza mpaka jua likashuka kwenye ukuta wa uani, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, mikate ya watu ikachelewa kuingia motoni.

MAFUNZO

Ukienda kuchukua mbwa au paka, usimchague kwa sura yake, wala kwa kumbukumbu zako. Tazama siku yako ilivyo hasa: unaamka lini, unatoka lini, nguvu zako zimebaki kiasi gani, nani yuko nyumbani kweli. Mbwa wa mbio hafai kwa mtu wa usingizi wa mchana, hata kama anampenda. Na ukiulizwa na mtunzaji, mtaje mtu aliyepo. Usimtaje unayemtamani.

Tena upweke si dhambi, wazazi wenzangu, lakini usiufunge kwa kamba shingoni mwa kiumbe asiyeweza kusema. Ukimkumbuka mwanao, mwambie mwenyewe kwa kinywa chako. Huyo mwoka mikate alimchukua yule paka mzee miezi miwili baadaye, na mchana wanalala wote wawili. Binti bado hajafika, ila hupiga kila Jumapili.