Sitaki Joto la Wizi

"Mumeo ni mkali, Muattar. Alinifokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe," Bi Saodat alisema huku anacheka, akimmiminia jirani yake chai.

Muattar akauliza kulikoni. Alikuwa amekuja kurudisha sufuria tu, hakutegemea hadithi ndefu.

"Si ile themostati! Kile kidude cha ukutani kinachoiamrisha boila, lile tanuri la kupasha nyumba joto, iwake au izime. Nilimwambia anitundikie sebule ya wageni, watu wakione. Akakataa katakata. Eti, 'Mama, hiki kinasikia joto la chumba kilichomo, basi. Sebule yako ina jua na mlango unafungwa kutwa. Ikishapata joto, boila itazima nyumba nzima, na ninyi huku nyuma mtaganda. Kiwekwe mnapoishi.' Alinisomesha kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Mwezi wa kumi, kabla baridi haijakaza."

Muattar akaweka kikombe chini. Themostati ya kwao, mumewe Elyor aliifunga mwezi wa kumi na moja. Na aliifunga sebule ya wageni.

Sikia ilivyokuwa. Muattar, binti wa mfinyanzi wa mji wa Rishtan, aliolewa mji wa Kokand mwaka ule ule. Chumba chao kiko nyuma, upande usioliona jua, na humo ndimo anamoshinda akitarizi kofia za kuuza. Elyor ni fundi wa boila, mtaa mzima unamsifu. Siku ile alivuta nyaya mbili kutoka kwenye boila, akang'oa kile kiwaya kifupi kinachoifanya iwake bila kuuliza mtu, akasimama mlangoni mwa chumba chao na drili mkononi. Mama yake, Bi Hosiyat, akatokea. Akasema kitu kizuri namna ile hakifichwi chumbani. Kitundikwe sebuleni kando ya kabati la vyombo, wageni waone kazi ya mwanawe. Elyor akaitikia sawa mama, akaenda kutoboa ukuta wa sebule. Mwanamume mzima, na ndevu zake.

Tangu hapo jua likiingia sebuleni asubuhi, boila inanyamaza mpaka jioni. Muattar akawa anatarizi na koti mwilini, vidole vimekufa ganzi, sindano inamchoma hata hasikii. Alimuuliza mumewe, akajibiwa kuwa boila yao ni ndogo, avumilie baridi ipite. Akaamini. Fundi ni yeye, angebishana naye nini?

Sasa yuko kwa jirani, chai inapoa mbele yake, anaambiwa kwamba mumewe alikuwa anajua. Baridi angeisamehe. Kudanganywa ndiko kulikomuuma.

Hakugombana na mtu. Alirudi, akafunga nguo mbili tatu, akamwambia mama mkwe anakwenda kuwasalimia wazazi, akapanda gari la Rishtan. Mke akiondoka hivyo kila mtu anajua maana yake, hata kama mdomo umesema salamu.

Jioni simu ikalia kwa ujumbe wa Elyor.

"Umeondoka hata kuniaga. Kuna nini?"

Kwa kawaida Muattar humwita Elyor aka, yaani kaka Elyor, kwa heshima, kama wake wa kwao wanavyowaita waume zao. Safari hii aliandika jina tupu.

"Elyor, boila yetu ndogo, au siyo?"

Likarudi swali.

"Nani kakwambia?"

"Wateja wako."

Mama yake Muattar akaanza mawaidha: mama mkwe hashindwi kwa vita, ndoa ni kuvumiliana, watu watasema nini. Baba yake alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akasema binti atakaa hapo mpaka atakapotaka mwenyewe. Akarudi kwenye udongo wake.

Siku ya tatu Elyor akapiga. Sauti yake ilikuwa na furaha, na Muattar, ambaye alikuwa amemkumbuka kupita kiasi, nusura atabasamu.

"Nimeihamisha. Nimevuta waya mpaka chumbani kwetu. Sasa hivi kuna joto humu mpaka nimevua sweta. Rudi nyumbani."

"Mama amesemaje?"

"Mama yuko Andijan kwa dada yake."

"Akirudi akaikosa ukutani?"

Elyor akakohoa. "Nitamwambia iliharibika, nikaitoa. Hata hatajua ilipo. Nitaificha nyuma ya pazia."

Muattar akaketi ukingoni mwa kitanda. Machozi yalimtoka, maana alimpenda mtu huyu, na mtu huyu alikuwa hajaelewa hata chembe.

"Elyor, umemwibia mama yako joto, unaniletea kwa mlango wa nyuma. Sitaki joto la wizi. Mimi ni mkeo au ni mgeni uliyemficha chumbani?"

"Mama yangu humjui wewe. Tangu baba afe, sijawahi kumwambia hapana."

"Basi kaa naye. Siku utakayoweza kusema jina langu mbele yake, utajua nilipo."

Akakata simu, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Kama mtu huyu ameshindwa kusema neno moja kwa ajili ya vidole vya mkewe, atasema nini siku ya jambo kubwa? Ndoa ilikuwa inamtoka mikononi na aliiona inavyotoka.

Ijumaa ujumbe ukaingia: "Mama amerudi. Nimemwambia umeondoka kwa sababu ya baridi ya chumbani. Tunakuja wote."

Walifika adhuhuri. Bi Hosiyat alishuka garini uso umefungwa, hakumtazama mtu. Kitambaa cha chakula kikatandikwa, mikate ikamegwa, afya za jamaa zikaulizwa mpaka zikaisha. Muattar alimimina chai. Elyor akapiga magoti mbele ya wazee wote wanne: mama yake, wazazi wa mkewe, na shangazi wa Muattar aliyejialika.

"Kosa ni langu," alisema. "Siku naitundika sebuleni nilijua Muattar ataganda. Kazi yangu ndiyo hiyo, nilijua. Nilimwogopa mama, nikamdanganya mke wangu. Mke wangu hana kosa."

Shangazi akaacha kutafuna. Bi Hosiyat akamgeukia mwanawe polepole.

"Ulijua atapata baridi?"

"Nilijua, mama."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Elyor akainamisha kichwa.

"Mimi nilidhani ni kama swichi ya taa," Bi Hosiyat alisema. "Swichi hukaa popote. Ningejuaje kwamba kitu cha plastiki kinasikia baridi? Ungesema neno moja ningesema kiweke hata chooni." Akamtazama Muattar, na macho yake yalikuwa na maji. "Na wewe umekaa na koti ndani ya nyumba yangu, ukanyamaza. Mmeniogopa ninyi wawili mpaka mkanifanya katili, nami sina habari. Majirani Kokand wananionaje sasa?"

Muattar aliona haya, na huruma, vyote kwa pamoja. Kumbe uso ule uliofungwa ulikuwa wa mtu aliyeumia.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nitakusamehe. Lakini lipo jingine? Sema leo, mbele ya wazazi wako. Sitaki siku nyingine niyasikie kwa jirani."

Mama yake Muattar akamfinya chini kwa chini, anyamaze. Muattar akausogeza mkono wa mama yake taratibu.

"Lipo, mama. Tangu niolewe nafagia ua na mbele ya lango kila alfajiri, kabla ya adhana. Sikatai, ndiyo kazi ya bi harusi. Naomba Jumapili moja moja nilale mpaka kukuche."

Shangazi alipaliwa na chai. Bi Hosiyat akafikiri, akapangusa makombo magotini.

"Lango lisilofagiwa ni aibu. Nani atafagia?"

Wote wakajikuta wanamtazama Elyor. Kule kwao mwanamume kuonekana na fagio barabarani ni kichekesho cha mwaka. Naye alimtazama mama yake usoni, safari hii bila kuinamisha kichwa.

"Mimi," alisema. "Kwa ajili ya Muattar."

Muattar akainuka kwenda kuchukua nguo zake.

Jumapili ile mtaa mzima uliamka mapema kuliko kawaida. Fundi Elyor alikuwa barabarani, fagio la mkono mfupi mkononi, mgongo umepinda, anafukuza vumbi huku jirani mmoja akimwuliza kama kazi ya boila imekufa. Nyuma yake, langoni, alisimama Bi Hosiyat na shali begani, akimwonyesha pembe aliyoiruka, na akimwambia apunguze kelele maana mkwe wake amelala.