Mlango wa Chumba cha Vidonda

Asubuhi ya kwanza walisikia komeo likisukumwa, krr-ta, chuma juu ya chuma, kwenye mlango ambao haukuwa na komeo.

Ulikuwa mlango wa chumba cha vidonda, mwisho wa korido ya majeruhi. Ulikuwa na kitasa kilicholegea tu, basi. Nesi wa zamu, binti wa miaka ishirini na sita, alimgeukia mwenzake wa zamu, dresa, yaani mfunga vidonda, mtu mzima ambaye hospitali nzima ilimwita Bandeji.

"Umefunga wewe?"

"Nifunge na nini, mwanangu? Na plasta?"

Binti akauvuta mlango. Haukutikisika. Nje mtu alipita akitukana kwa sauti, viatu vikiburuzika, kisha kukawa kimya. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ikajaa chumbani, na jua lilikuwa kali. Mlango ukaachia wenyewe, taratibu.

"Jini gani huyu anayefanya kazi saa nne asubuhi?" Bandeji alinong'ona. "Usiku hana nafasi?"

Lakini hakucheka, na siku ile hakugusa chakula.

Miezi saba nyuma, ndani ya chumba hicho, mama yake yule binti aliuawa. Naye alikuwa nesi. Mtu aliyefiwa na mdogo wake juu ya meza ya chumba hicho aliingia na kisu, akisema manesi wamemuua. Mama huyo alikuwa ameandika barua tatu kuomba komeo. Siku ile aliushika mlango kwa mikono yake mpaka nguvu zikamwishia. Mola amrehemu.

Aliyemruhusu mtu huyo kupita getini ni mume wa marehemu, baba wa binti. Yeye ndiye mlinzi wa hospitali. Kazi yake ni kupekua kila anayeingia, na asubuhi hiyo alipekua wote, isipokuwa mmoja aliyekuja analia. Aliona haya kumpapasa mtu mwenye msiba. Alimshika bega akamwambia, "Pita, ndugu yangu." Tangu hapo, kila akisali, maneno hayo yalimjia katikati ya sala.

Sasa amebaki na binti huyo mmoja, naye anafanya kazi chumba kile kile. Mlinzi hakuwa na dua nyingine ila hiyo: arudi nyumbani mzima.

"Omba uhamisho, mama," alimsihi. "Wodi ya wazazi wanatafuta watu."

"Na vidonda atafunga nani, baba? Wewe?"

Kwa wiki tatu komeo liliendelea kulia. Madresa wawili wakaacha kazi. Binti hakuacha, na kwa kuwa hakuacha, aligundua jambo: mlango ulijifunga kila mara mtu alipopaza sauti koridoni. Siku moja mlango ulipojifunga aliinama akachungulia uwazi wa chini, akaona miguu ya mwanamume aliyekuwa akifoka nje imesimama pale pale, na pembeni yake ncha ya nondo ikigonga sakafu, polepole, kama mtu anayefikiri.

"Baba," alimwambia jioni, "yule jini hatufungii. Anatukinga."

Mlinzi alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona aibu, kwa sababu hakujua kama anamshukuru Mungu au jini.

Halafu ikaja Jumatano. Mzee fundi seremala, aliyekatwa paja na msumeno, aliletwa na wanawe watatu wamembeba kwa shuka, na wale vijana wakawa wanapiga kelele kama ambavyo mtoto yeyote angepiga kelele akimwona baba yake anatoka damu, na komeo likalia krr-ta, na wao wakagonga, wakasukuma, wakalia, na ndani binti na Bandeji wakavuta kitasa mpaka kikang'oka, na ile harufu ya vumbi ikawa nzito hata hawakuweza kuvuta pumzi, na kadiri vijana walivyozidi kulia ndivyo mlango ulivyozidi kukaza, mpaka mmoja wao akanyamaza, na wa pili, na wa tatu. Hapo mlango ukafunguka. Mzee alikuwa amekwisha kata roho.

Ijumaa, baada ya sala, metroni, mkuu wa manesi, akamleta shehe. Walisimama chumbani wanne: shehe, metroni, mlinzi na binti. Shehe akasoma. Vikopo vya chuma vikaanza kutetemeka rafuni. Binti akakaa chini ghafla, macho wazi, na sauti iliyomtoka ilikuwa kavu, ya kitu kizee sana.

"Nani wewe?" shehe aliuliza.

"Mkazi wa hapa. Kabla ya kuta hizi."

"Kwa nini unafunga?"

"Nilikuwa kwenye kona ile siku mwanamke aliposhika mlango. Niliona mikono yake ikiteleza. Nilikuwa na nguvu, nikatazama tu. Sasa nashika."

"Umemuua mzee wa watu."

"Walipiga kelele. Na yule mwenye kisu alipiga kelele. Nyinyi mnawatofautisha vipi?"

Mlinzi akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Mke wangu alisema nini?" alinong'ona. "Mwisho."

"Usimuulize," shehe alimkataza. "Watu wa namna hii huongopa."

"Alisema, 'Mwiteni mlinzi.' Hakusema mume wangu. Alisema mlinzi."

Kisha shehe akamgusa mlinzi begani.

"Huyu ni mwanao. Nimtoe jini?"

Mlinzi alitaka kusema hapana. Alitaka kitu hicho kishike mlango mpaka siku binti yake atakapostaafu. Lakini aliwakumbuka wale vijana watatu wakikunja shuka yenye damu, wakiuliza waiweke wapi.

"Mtoe."

"Nikitoka," sauti ilisema, bila hasira, "nani atashika?"

Shehe alipaza sauti ya kisomo, harufu ikapanda, ikapungua, ikaisha.

Binti alifumba macho, akayafumbua, akaomba maji. Mlango sasa ulifunguka kwa kidole kimoja. Kwenye benchi walikuwa wanasubiri watu kumi na mmoja, basi akanawa mikono, akaita wa kwanza.

Mlinzi alikwenda getini akachukua kiti chake. Alikileta mpaka mwisho wa korido, akakiweka nje ya chumba cha vidonda, akakaa, mgongo wake umeegemea mlango. Ndani alisikia mkasi ukikata shashi.

"Baba," metroni alimwambia kwa upole, "na geti je? Mlinzi mwingine hatuna."

Hakusogea. Mbele yake korido ilikuwa ndefu, na kule mwisho wa pili geti lilikuwa wazi, na watu walikuwa wanaingia na mifuko yao na makoti yao, wengine wakilia, na hapakuwa na mtu wa kuwagusa.