Kikombe cha Kobe

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Profesa alikuwa ameshaingia darasani kunyakua kishikwambi cha kundi lake. Jina la Profesa alijipachika mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Alikifuta kioo kwa pindo la sketi, akakibana kwapani, na wenzake watatu wakabaki kukitazama kwa mbali.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amesema wazi: "Siku hizi siwaandikii majibu ubaoni. Pimeni, ulizeni, pigeni picha, kisha mje mtufundishe." Swali la juma hilo lilikuwa moja: bomba la shule linalovuja linapoteza maji kiasi gani kwa siku? Kundi litakaloshinda lingewaeleza wazazi Jumamosi. Profesa hakungoja. Jioni ileile alimwambia mama yake, fundi cherehani, ajiandae kuja kumsikiliza.

Wakati wa mapumziko alimkuta Kobe wa kundi lake, binti wa fundi viatu, mtaratibu kama jina lake, amechuchumaa bombani na kikombe.

Profesa alisonya, akakigonga kishikwambi. "Unakinga matone kama mtoto wa chekechea! Dunia nzima imo humu."

"Basi niazime kidogo, nipige picha."

"Na mikono hiyo iliyolowa? Thubutu!"

Akaandika swali kwenye kishikwambi, akachukua jibu la kwanza lililotokea, akalipamba kwa maua na herufi zinazocheza. Ilikuwa kazi ya dakika tano na majivuno ya siku tatu.

Ijumaa alisimama mbele, kidevu juu. "Bomba linalovuja hupoteza lita ishirini na nne kwa siku."

"Bomba lipi?" mwalimu akauliza.

"Bomba... linalovuja."

"Na letu hufungwa saa ngapi?"

Profesa hakujua hata kama hufungwa. Herufi zake ziliendelea kucheza zenyewe.

Kobe akainua mkono. "Mlinzi hufungulia maji saa moja asubuhi, hufunga saa kumi jioni. Kikombe changu ni robo lita, hujaa kwa dakika kumi. Nimepata lita kumi na tatu na nusu."

"Hongera! Picha ziko wapi?"

"Sikupewa kishikwambi, mwalimu."

Darasa zima likamgeukia Profesa. Aibu ilimshika, na alistahili kila tone lake.

"Nendeni bombani sasa hivi," mwalimu akasema. "Kobe ataongoza. Wewe, Profesa, utapiga picha atakazokuagiza."

Jumamosi Kobe alieleza, wazazi wakapiga makofi. Profesa alimshikia kishikwambi tu.

"Nimefunga kibanda nije kukusikiliza," mama yake alimwambia njiani. "Mbona hukusema neno?"

Profesa akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Mama hakumbembeleza.

"Cherehani yangu ni ya umeme, mwanangu. Inashona upesi kuliko mimi, lakini haijawahi kuinuka ikampima mteja. Kupima ni kazi yangu, na nisipopima, nguo haimkai mtu. Chombo ni cha kukusaidia kazi, si cha kukufanyia. Na anayepima usimcheke tena."

Jumatatu Profesa aliwahi kama kawaida. Alikichukua kishikwambi, akakiweka katikati ya meza, akakaa kuwangoja wenzake.