Pini Iliyobaki Ndani

Kila alasiri alipotoka shule, Kifungo aliketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake, akazigeuza nguo zilizokwisha kushonwa ili akate nyuzi na kutoa pini. Jina hilo la utani alipewa na mama kwa sababu ya uso wake wa mviringo, nao wateja wakalishikilia.

Mama alikuwa na saratani ya ovari iliyosambaa tumboni. Dawa za dripu zilimmaliza nywele, lakini uvimbe ulipungua, naye akaanza tena kula na kuwatania wateja. Hata hivyo, daktari alisema lazima afanyiwe upasuaji kutoa mabaki. Kifungo hakuelewa. Mtu amepata nafuu, kisu cha nini tena?

Ijumaa simu ililia mama akiwa bafuni. Kifungo akapokea.

"Mwambie mama upasuaji umewahishwa," alisema muuguzi. "Aje Jumatatu asubuhi, asikose."

"Sawa, dada."

Hakumwambia. Alishika mkasi, akaendelea kukata nyuzi.

Kesho yake mteja alikuja kujaribu gauni. "Uwii! Fundi, unanichoma!"

Mama akachomoa pini kiunoni. "Kifungo, hili uliligeuza kweli?"

"Niliangalia, mama. Lilikuwa zuri."

"Zuri kwa nje. Pini imekaa ndani."

Kifungo akaangua kilio.

"Pini moja tu, mwanangu!"

"Si pini, mama." Akaeleza yote kuhusu ile simu. "Niliogopa watakupasua usiamke."

Mama akamvuta karibu. "Hata mimi naogopa. Lakini dawa imeupunguza ugonjwa, haijaumaliza. Tukiuacha ndani kwa kuwa nje napendeza, utaota tena." Papo hapo akampigia muuguzi kuthibitisha kwamba angefika.

Jumanne Kifungo alimkuta mama kitandani wodini, amechoka lakini macho yanacheka. Daktari alisema wametoa yote waliyoyaona. Zilibaki dripu chache, kisha kupimwa mara kwa mara.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema kwa sauti ndogo. "Jambo zito halifichwi, hata kwa mapenzi. Siku nyingine ukiogopa, niambie tuogope wawili."

"Nimesikia, mama."

"Na gauni la yule mteja?"

Kifungo akamshika mkono. "Nimeligeuza mara mbili."