Viduara vya Pembeni

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Chorachora alichonga penseli yake ikawa kali. Darasani sikio lilikuwa kwa mwalimu, mkono pembeni mwa daftari: viduara, ngazi, majani. Mkono ukichora, akili ilitulia, na hata siku aliyoamka amenuna, uso ulikunjuka. Siri hiyo aliijua Kidoti tu, rafiki aliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza.

Siku hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa anamtafuta mwanafunzi wa kuliwakilisha darasa kwenye mashindano. Wote walijua ni mmoja kati ya hao wawili. Kipindi kilipoanza, Kidoti alisimama na karatasi iliyochanwa mkononi.

"Mwalimu, huyu hasikilizi. Tazama, jana alichora tu!"

Lo! Chorachora aliitambua karatasi ya daftari lake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Iliuma kuliko kofi.

Mwalimu akachukua penseli ya Chorachora. "Leo utasikiliza mikono mitupu."

Dakika kumi hazikupita, mawazo ya Chorachora yalikuwa nje ya dirisha. Alipoulizwa kazi ya utumbo mwembamba, aliomba swali lirudiwe.

"Umeona?" mwalimu akasema.

"Niulize la jana, mwalimu," alijibu, machozi yakimlengalenga. "Lakini nipe karatasi yangu."

Akapewa. Akaweka kidole kwenye viduara. "Hapa ulisema moyo una vyumba vinne." Akasogea kwenye ngazi. "Hapa ulisema vena zina vali, damu isirudi nyuma. Na kwenye jani hili ulipiga chafya, ukaanza upya."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akarudisha penseli.

"Nimekosa, binti yangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Mashindanoni utakwenda wewe."

Kidoti aliinamisha kichwa. "Niliitaka nafasi hiyo. Nilijua anasikiliza. Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," Chorachora akasema, "lakini bado inauma."

Mwalimu akamkabidhi Kidoti gundi. "Ibandike karatasi ya mwenzako daftarini. Kuna watu akili yao hutulia mkono ukishughulika, na si kosa. Kosa ni kumchongea rafiki ili wewe upande juu. Karatasi itashika, mwanangu, lakini alama ya mpasuko itabaki. Ukitaka nafasi, isomee."