Miguu Iliyotangulia

Kila asubuhi, kabla ya uji, tulifagia bweni letu la shule pale Tanga kwa mafagio ya chelewa. Sote tuliinama, isipokuwa Methusela. Yeye alifagia akiwa amechuchumaa, mgongo wima. Kitu kikimponyoka, alishuka polepole, mkono pajani, kama bibi harusi aliyebanwa na nguo. Sisi tulipanga mstari mbele yake.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mbwa nyinyi," alijibu. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mvivu, niliamua. Nami sikuwa mtu wa kuamua ovyo. Nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwetu Muheza husemwa kwamba mtu wa namna hiyo akikanyaga mgongo unaouma, maumivu hukimbia. Elimu gani inashinda hiyo? Jumamosi moja Methusela mwenyewe alilala kifudifudi sakafuni.

"Asheri, nikanyage. Nimechoka kuumwa."

"Tulia, mgonjwa," nilisema kwa sauti ya udaktari. Wenzangu walishangilia. Tulikuwa majogoo sita wenye ubongo wa kifaranga mmoja. Nilipangusa unyayo, nikainua mguu.

"Shusha mguu huo!"

Mlangoni alisimama matroni wetu, Mama Beatrisi. Hakunipiga. Alidondosha funguo zake.

"Methusela, mwanangu, niokotee."

Methusela aliinuka kwa taabu, akachuchumaa, mkono pajani. Matroni alipapasa uti wake wa mgongo, akakuta kinundu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka, Mama."

Akatugeukia. "Nanyi mlikuwa mkimwona?"

"Tulikuwa tukimwamkia," nilisema.

Hospitali walimpiga picha ya eksirei. Matroni alirudi na jibu: kifua kikuu.

"Mgongoni?" nilicheka. "Kimepotea njia?"

"Kimesafiri kwa damu, mjuzi wangu. Kimekula kile kitu laini kilicho kati ya pingili, sasa kinakula mifupa. Ungemkanyaga, huenda asingetembea tena."



Methusela alilazwa miezi minane, mgongo ndani ya plasta, akichomwa sindano. Zamu yake ya kufagia niliifanya mimi, nikiwa nimeinama. Aliporudi, alitembea kwa miguu yake mwenyewe. Kofia yake ikaanguka, nami nikawahi kuiokota.

"Marahaba, mjukuu," alisema, nami sikuwa hata nimemwamkia.

Mama Beatrisi alituangalia. "Mtoto asiyeinama anaeleza jambo bila kusema. Msimcheke, mleteni. Na wewe, Asheri, miguu yako si ilitangulia? Siku nyingine itangulie kuja kwangu."