Kipimo cha Mzee Kilipopita Shuleni

Kitendawili! Wewe unayesoma, sema "tega". Haya: mtaa wangu hauna mjumbe, lakini kila nyumba inazijua njia zote. Ni nini?

Hicho alinitegea Hamisa, jirani yetu hapa Mbagala, fundi wa mitandao. Mie nikamtegea mume wangu, Mzee Marijani, tukinywa chai.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Sikupi mji, hata kakitongoji ka Wazo sikupi. Nitajibu," alisema, akavaa kofia yake. Siku hiyo alikuwa anakwenda kupimwa moyo.

Zahanati yetu haina daktari wa moyo. Nesi Vaileth hupima, kisha hutuma kipimo kwa mtandao, daktari wa mbali akisome. Asipokisoma, dawa haibadilishwi. Na dawa ya zamani ilikuwa haimsaidii tena mzee. Ngazi sita tu za zahanati alizipanda akihema, akapumzika mara mbili.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi," alisema Vaileth. "Leo mtandao hakuna. Wachimba mtaro wamekata waya."

"Si upo mwingine, wa kupitia shuleni?"

"Upo, bibi, mzima. Sijui kwa nini haupitishi."

Tukarudi mikono mitupu. Nikaenda moja kwa moja kwa Hamisa, nikamweleza.

"Ni zile ruta," akasema. "Vile viboksi vyenye taa, vinavyoelekeza ujumbe upite wapi. Fundi wa kwanza aliziandikia njia kwa mkono, kila moja njia moja tu. Njia ikifa, ruta haina habari. Inatuma tu, ujumbe unaishia mtaroni."

"Kama mgeni aliyeambiwa apite uani kwa mama Tabu, na mama Tabu keshajenga ukuta!"

"Hapohapo, bibi."

Waya ukaungwa. Jumanne iliyofuata tulimkuta Hamisa zahanati. Alikuwa amezipanga upya ruta zote tano za mtaani.

"Sasa kila ruta inabisha hodi kwa jirani zake," alitueleza. "Asiyeitika, imejua njia ya kwake imekufa. Kisha inatangaza: jirani zangu ni hawa, na njia ya kwao ina kasi hii. Tangazo linapita ruta hadi ruta mpaka zote zinalo, bila kubadilishwa neno."

"Bila kuongezwa chumvi?" akauliza mzee. "Basi zimemshinda mke wangu."

"Tunza pumzi zako wewe!"

Hamisa akacheka. "Kila ruta ikishapata matangazo yote, inachora ramani ya mtaa mzima, inachagua yenyewe njia nafuu. Njia ikikatika linatoka tangazo jipya, ramani zote zinachorwa upya."

Vaileth akapima, akaanza kutuma. Huko nje sururu ikagonga waya uleule! Taa moja ya ruta ikazimika. Nikamshika mzee mkono. Tukaitazama ile ruta kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

"Kimefika!" Vaileth akapiga makofi. "Kimepitia shuleni!"

Kabla ya adhuhuri daktari alijibu, akaandika dawa nyingine.

Wiki tatu baadaye tulirudi zahanati. Mzee alizipanda ngazi zote sita bila kusimama. Alipofika juu akanigeukia, mie bado niko ya tatu.

"Ni ruta, mke wangu. Hazina mjumbe, kila moja ina ramani yake. Jibu la kitendawili nilikuwa nalo tangu Hamisa alipotueleza. Pumzi tu za kukutambia ndizo zilizonikosa."